Utabiri wa Dirishani kwa Fundi Marcellin

Kila mwaka, shule zikishafunguliwa Januari na kabla ligi ya mpira ya shule za sekondari haijaanza, fundi Marcellin hubandika karatasi kwenye dirisha la duka lake la kushonea, Jules Street, Malvern, Johannesburg. Watu wa huko wanaiita Utabiri. Ndani yake Marcellin husema timu gani za wasichana ni za kuogopwa msimu huu, zipi ni kelele tupu, na nani atarudi kwao analia. Hajawahi kufundisha mpira, na ukimwona anapiga teke chupa barabarani utajua hakuwahi kuucheza pia. Elimu yake yote ameipata kwenye futi ya kupimia. Yeye ndiye anayeshona jezi za shule nne, na mtu anayepima mabega ya wachezaji kila Januari hujua mambo ambayo makocha watayajua mwezi wa tano.

Mwaka huu aliandika hivi. Wa Observatory, mabingwa, wasiwatishe watu: jezi zao saba zimeletwa kupunguzwa, maana wakubwa wamemaliza shule na wanaozivaa sasa ni watoto. Wa Midrand wana nyasi za bandia na basi lao wenyewe, na timu yenye basi lake haijazoea kurudi nyumbani imenuna, kwa hiyo hao ni wa kuchungwa. Shule ya nne aliipa mstari mmoja tu, tena wa huruma. Kombe aliwapa wetu wa Malvern, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja ya Utabiri.

Halafu akataja sababu zake, nazo zilikuwa sita, kila moja na jina na kwao. "Gaëlle, damu ya Uvira: mikono haivuji. Belyse, mtoto wa Rumonge: akikupita, salimia kivuli." Na wengine wanne, wa Bukavu, wa Kalemie, wa Kigoma, wa Baraka. Huyo Gaëlle wa kwanza ni binti yake mwenyewe, golikipa, ana miaka kumi na sita. Kwa watu wa Marcellin, waliotoka Uvira, kumsifu mtoto bila kusema ametoka kwa nani ni kumpunja. Ni sifa nusu. Mkataa kwao mtumwa, alizoea kusema, na aliisema hata kwa wateja waliokuja kubadilisha zipu tu.

Jumapili hiyo watu walitoka kanisani wakasimama dirishani kucheka na kubishana. Epiphanie, msusi wa Kirundi, mama yake Belyse, alikuja juu kabisa. Mwanzoni Marcellin alikuwa ameandika "mtoto wa Burundi" tu.

"Burundi ni kubwa, Papa Gaëlle," alisema. "Andika Rumonge. Watu wajue."

Marcellin akaomba radhi, akachukua kalamu, akaandika Rumonge.

Jumanne mchana, MaNgwenya, jirani anayekaanga amagwinya, yale maandazi ya huko, alifunika karai lake na kuingia dukani bila kuagiza kitu. Walizoea kuongea kwa Kizulu cha Marcellin, ambacho amekiokota kwa wateja. Safari hii MaNgwenya alimpa simu.

Kwenye kioo palikuwa na picha ya dirisha lake. Karatasi yake ilionekana vizuri, mwandiko wake ule wa kujivunia, na majina sita yamezungushiwa duara jekundu. Mtu alikuwa ameipitisha kwenye simu ikatafsiriwa vibaya, lakini majina ya miji hayahitaji tafsiri. Juu yake palikuwa na maneno ya Kizulu: hawa ndio wanaokula nafasi za watoto wetu, na Ijumaa saa nane na nusu tutakuwa kwenye uzio wa shule, tuwaone.

"Imetumwa kwenye makundi matatu niliyomo," MaNgwenya alisema. "Ni wale wanaozunguka kliniki na shule wakiuliza nani wa hapa. Eish, Marcellin. Kwa nini uliandika wanakotoka?"

Marcellin aliinuka, akaing'oa karatasi dirishani, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni, kana kwamba ikiwa mfukoni mwake haitakuwa tena kwenye simu za watu. Akarudi kukaa. Alijaribu kutunga uzi kwenye sindano mara tano, akashindwa. Mwaka ule maduka ya wageni ya barabara hiyo yalipochomwa, alikimbia na kichwa cha cherehani begani na hakutetemeka hata kidogo, kwa sababu alikuwa anakimbia na chuma. Sasa walikuwa wanamtaka mtoto wake kwa jina, na jina hilo amewapa yeye mwenyewe, bure, kwa mwandiko mzuri.

Epiphanie aliingia dakika chache baadaye, mikono bado ina mafuta ya nywele. Marcellin alidhani amekuja kumtukana, na alikuwa tayari kutukanwa.

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema Epiphanie, akaketi kwenye marobota ya vitambaa. "Ni mimi niliyekuambia uandike Rumonge."

Wakakaa hivyo wawili, kila mmoja akiwa na kosa lake, na hakuna aliyeweza kumfariji mwenzake.

Jioni hiyo Jeannine, mke wa Marcellin, alitoa hukumu kabla hata ya kuweka ugali mezani. "Hatatoka humu Ijumaa. Miye sitaki kombe, nataka mtoto."

Mwalimu Sibeko, kocha wao, alikuwa tayari amewapigia simu wazazi wote. Mchezo wa Ijumaa na wa Observatory utachezwa. Patakuwa na walinzi wawili getini, na polisi wameahidi kupita, ingawa kila mtu Malvern anajua maana ya polisi kupita. Uzio ni wa shule lakini barabara ni ya wote, na goli la upande wa chini lipo hatua sita tu kutoka kwenye uzio. Mchezaji atakayebaki nyumbani hatalaumiwa.

Gaëlle aliyasikiliza hayo yote akiwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alizaliwa Johannesburg, Kiswahili cha wazazi wake anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza, na ndivyo alivyojibu jioni hiyo. Alisema wakibaki nyumbani wasichana sita, wale watu hawatahitaji kuuliza lolote. Watahesabu nani hayupo tu, na wiki ijayo watarudi. Alisema picha ina majina, haina sura. Na alisema timu nzima imekubaliana, wa hapa na wa nje, majina yatolewe kwenye jezi zote kumi na nane.

"Nani atayatoa?" Jeannine aliuliza, ingawa alijua.

Jumatano jezi zililetwa. Marcellin alikuwa ameyashona majina hayo mgongoni wiki mbili tu zilizopita, kwa uzi mweupe wa gharama, herufi kwa herufi, na alikuwa ameomba kuwalipia uzi huo yeye. Akachukua kifumulio akaanza. Kushona jina huchukua dakika ishirini. Kulifumua huchukua saa nzima, maana ukivuta kwa haraka kitambaa kinachanika. Na likishatoka, matundu ya sindano hubaki, ukiinua jezi kwenye mwanga unasoma jina lilelile kwa vitundu. Ilibidi aweke kitambaa chenye maji, apige pasi ya mvuke, asugue kwa ukucha, apige tena, mpaka vitundu vifunge. Jezi ya binti yake aliiweka mwisho, kulipokucha Alhamisi. Aliisugua hadi ukucha ukauma.

Alhamisi baada ya mazoezi Gaëlle alipita dukani. Jua lilikuwa bado juu ya paa za upande wa pili. Akaitazama jezi, akapitisha kidole mgongoni, akasema iko sharp, yaani safi kabisa. Halafu akasema kuna jambo lingine. Jina limetoka kwenye jezi, lakini halijatoka kwake. Mtu akiliita, atageuka. Watu wote hugeuka.

"Niite," akamwambia baba yake. Akampa mgongo, akasimama akitazama barabara.

Marcellin akaita. Kichwa kikageuka. Akaita tena, bega likashtuka. Akaita kwa ukali kama mwalimu, akaita kwa kunong'ona, akaita kama Jeannine anavyoita chakula kikiwa tayari. Mara ya tisa ilikuwa shingo tu. Mara ya kumi na tano hakuna kilichosogea, hata kipuli cha sikioni. Alipaswa kufurahi. Hakufurahi, kwa sababu jina hilo alilichagua yeye hospitalini, na miaka kumi na sita hii hajawahi kuliita likakosa kuitikiwa.

"Sasa niite kama umefurahi," Gaëlle alisema bila kugeuka. "Hiyo ndiyo ngumu."

Ilichukua mara nyingine ishirini. Marcellin aliita kwa furaha ya uongo, machozi yakimtoka, na ilikuwa heri kwamba msichana alikuwa amempa mgongo. Alipoona binti ameweza, akafunga duka.

Ijumaa wazazi walikubaliana wasisimame pamoja. Epiphanie alisimama upande wa choo cha wachezaji, Marcellin karibu na tangi la maji, futi yake shingoni kwa sababu alisahau kuivua. Jeannine alibaki nyumbani anaomba. Saa nane na nusu barabarani walikuwapo watu tisa. Saa tisa walikuwa kama thelathini, na mmoja ameshika karatasi kubwa yenye picha ya lile dirisha. Kipindi cha kwanza Malvern walipewa goli la chini, la uzioni. Gaëlle akaenda akasimama pale, akawapa mgongo wake usio na jina.

Mwanzoni waliyasoma majina vibaya, yakatoka kama majina ya dawa. Watu wengine wakacheka. Lakini palikuwa na mwanamke mmoja, mtu mzima, nguo safi, ambaye aliyajaribu mdomoni polepole hadi akayapata. Huyo ndiye aliyemtisha Marcellin kuliko wenye kelele. Alishika nyaya za uzio akaita "Belyse" kila mpira ulipofika pembeni, na Belyse akakimbia kana kwamba unaoitwa ni mti. Kisha akaita "Gaëlle." Aliita vizuri kabisa, taratibu, kama mama aliyemletea mtoto sweta. Aliita tena. Marcellin aliitazama shingo ya binti yake. Shingo haikusogea.

Dakika ya thelathini na nne mwamuzi aliwapa Observatory penalti. Kelele za uzioni zikatulia, maana hata mwenye chuki hupenda kuona penalti. Mpigaji aliupeleka kushoto kwa nguvu, na Gaëlle akaenda nao, mkono ukanyooka, mpira ukagonga glavu na kutoka nje. Marcellin alikuwa tayari amefungua mdomo kuliita jina la binti yake. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Ng'ambo ya uwanja Epiphanie alimtazama kwa macho makubwa, na Marcellin akaisokomeza ile futi mdomoni, akaiuma hadi mwisho wa kipindi.

Kipindi cha pili kilipofika nusu, mvua ya alasiri ya Joburg ilishuka na mawe yake. Haikuchagua wa hapa wala wa nje. Thelathini wakawa kumi, kumi wakawa yule mwanamke peke yake, naye mwishowe akajifunika mfuko wa plastiki kichwani akaenda zake. Belyse alifunga bao moja kwenye matope na likatosha. Utabiri ulikuwa umeanza kutimia, na hakuna mtu aliyeutaja.

Marcellin alikwenda mwenyewe getini. Mlinzi akamwambia wameondoka wote, akatoka naye hadi kwenye robot ya kona, zile taa za barabarani, zikibadilika kwa magari mawili tu. Barabara ilikuwa tupu. Hapo ndipo alipolia kidogo, akacheka kidogo, akarudi uwanjani anakimbia na viatu vyake vya kanisani.

Gaëlle alikuwa anatembea kuelekea kwenye mabegi, amempa mgongo.

"Gaëlle!"

Akaendelea kutembea. Marcellin akadhani ni mvua. Akasogea karibu, akaita tena, sauti imejaa furaha yote ya wiki hiyo. "Gaëlle! Gaëlle, mwanangu!" Msichana akaokota begi lake, akalifunga zipu. Bega halikushtuka. Ilimbidi Marcellin azunguke, asimame mbele yake, ndipo akainua macho.

"Hukunisikia?"

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza, Papa," Gaëlle alisema, kwa Kiswahili, polepole, akiyatafuta maneno. "Ila uliita kama mtu amefurahi."

Marcellin akapokea glavu zake, zimeloa, nzito. Wakatoka getini pamoja, na njia nzima hadi Jules Street hakumwita tena.