Mvua Niliyoinyeshea Chala

Juzi mpishi wa shule yetu hapa Voi alidondosha pilipili motoni, na bweni zima likakohoa kama kwaya ya wagonjwa. Wenzangu walimlaani. Mimi nilikaa tu kitandani, machozi yakinitoka, nikinusa nyumbani. Siku hizi nimechoka, jamani. Mitihani imetukalia kichwani, na harufu ndogo tu inanibeba mbali.

Kwetu ni Chala. Pilipili Mama aliichanganya na mavi makavu ya ndovu, akaiwasha pembeni mwa shamba ili moshi uwafukuze ndovu wenyewe. Ukishangaa kwamba mnyama mkubwa vile anakimbia mavi yake, hata mimi nilishangaa. Nilikuwa darasa la sita, jua kali, mahindi yakiishi kwa ndoo za maji alizobeba Mama kichwani. Alikesha nayo wiki nzima. Kisha upepo ukageuza moshi, na asubuhi tukakuta shamba limelala kama mkeka. Mama alisimama pale, leso imejaa majivu, akasema, "Hata kulia nimechoka. Lete jembe."

Wiki hiyohiyo mwalimu wa Kiingereza akatupa insha: siku ambayo sitaisahau. Wewe uliyesoma shule zetu unajua mambo yalivyo. Nahau moja, tiki moja. Tulizikariri na maana zake kama sala, na mwalimu aligawa tiki kama peremende. Basi nikaanza, "It was raining cats and dogs," maana ndivyo insha zote za darasa letu zilivyoanza, iwe masika au kiangazi. Nikajiwekea vipepeo tumboni, nikawa jasiri kama simba, ndovu wakatoroka. Niliongoza darasa.

Mama akasikia kwa jirani kwamba nimeandika habari za shamba letu. Jioni alifuta mikono, akavuta kigoda, akataka nimsomee kwa Kiswahili, polepole. Nikasoma kwa madaha, kila nahau nikimweleza maana yake: hii ni mvua kubwa, hii ni hofu. Akanikatiza.

"Mvua ilinyesha lini, baba?"

Nikamwambia ni mtindo wa kuandika tu.

"Na mimi niko wapi hapo?"

Nikageuza ukurasa. Hakuwepo. Ndoo hazikuwepo, wala moshi. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na nguvu za kukasirika, akanituma kuni.

Maana za nahau zile nilizijua zote hata wakati ule. Nilichochelewa kuelewa ni kwamba kila moja lazima ilianza na mtu fulani, kwao, amesimama mbele ya jambo lake, akatafuta la kusema. Mama naye alisimama mbele ya lake, akalisema, nami nikiwa pale pale na masikio yangu mawili. Nikaliacha shambani, nikaenda kuazima mvua ya watu.