Galaksi Nilizozitupa Kulia

Jumamosi, tarehe 12 Julai. Ukungu ulilala hapa mpaka saa nne, yakafuata manyunyu, halafu kikatoka kijua cha kukausha leso moja tu. Baridi ya sweta mbili.

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku ile, kisha nikakaa na kalamu bila kuendelea. Mimi niliishia darasa la saba. Nitakayosema kuhusu nyota ni yale niliyoelewa, na huenda mengine nimeyaelewa kombo. Lakini nilikuwepo, na kosa lilikuwa langu, kwa hiyo naona ni haki niliandike mwenyewe kabla sijaanza kulipunguza kidogo kidogo kila ninapolisimulia.

Mdogo wangu ni mwanaastronomia. Yuko chuo kikuu kimoja nje ya nchi, na kwa miaka kumi na miwili sasa anachunguza galaksi za mbali: zilivyozaliwa, zilivyokua, zilivyobadilika. Galaksi, kwa jinsi alivyonieleza, ni kama mji, ila wakazi wake ni nyota, na ni wengi kuliko mtu anavyoweza kuwahesabu. Majirani hudhani kazi yake ni kukesha nje akitazama juu. Mmoja alikuja hata kumwuliza mbuzi wake aliyepotea yuko upande gani. Kumbe yeye anafanya kazi mchana, amekaa mezani na kompyuta na kikombe cha chai. Picha zinapigwa na darubini iliyoko huko mbali, zinakuja kwake, naye anapima na kuhesabu. Hapa Lushoto mwezi wa Julai kuna asubuhi hatuoni hata shamba la jirani, na yeye ndani ya ukungu huohuo anatazama vitu ambavyo nuru yake imekuwa njiani tangu kabla dunia haijakuwepo.

Hilo la nuru kuwa njiani lilimpa mama shida. Mdogo wangu akamweleza kwa mfano.

"Mama, unakumbuka ile picha ya mtoto wa shangazi wa Muheza? Ilitufikia akiwa ameshaota ndevu."

"Nakumbuka. Nikamfumia na kofia ya kichanga."

"Basi ndiyo hivyo. Galaksi hii tunaiona ilivyokuwa changa. Picha imechelewa kufika."

Mama akaitazama picha kwenye kompyuta. "Kwa hiyo yenyewe huko iliko ni mzee."

"Mzee sana."

"Na hujaiamkia."

"Mama, tunayoiona ni mtoto!"

"Picha ndiyo ya mtoto. Shikamoo anapewa mwenyewe, haipewi picha." Akainama mbele ya kompyuta, akaiamkia kwa heshima zote, kisha akarudi jikoni. Mdogo wangu alicheka hadi akakohoa. Aliniambia kwamba tangu aanze masomo hakuna profesa aliyemwuliza swali hilo.

Mwaka huu alikuja likizo ya wiki tatu, ila likizo yenyewe ilikuwa na kazi ndani yake. Alikuwa na makala ya kutuma Jumatatu, tarehe 14. Siku ya pili tu, tukimenya karoti, alituambia wazi: mkataba wake chuoni unaisha mwisho wa mwaka, na watakaoamua kama abaki au aondoke wataangalia makala hiyo kwanza. Makala inasema nini hakunieleza, na hakunieleza makusudi, maana alitaka macho yangu.

Mambo yalikuwa hivi. Alikuwa ametengeneza programu ya kompyuta inayotazama picha ya galaksi na kusema ni ya umbo gani. Lakini wakubwa wake hawaiamini kompyuta peke yake. Wanataka mtu azitazame baadhi ya picha hizo kwa macho, mtu asiyejua jibu linalotarajiwa, ili walinganishe. Macho ya watu wa chuoni kwao alikuwa nayo tayari kwa picha nyingine. Bado picha mia nne.

"Dada," akaniambia, "wewe umechambua viazi miaka kumi na minane. Hakuna mtu ninayemjua mwenye jicho kama lako."

Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikakubali, na sitaficha kwamba nilifurahi.

Alinibandikia vikaratasi kwenye vitufe. Vitatu vilikuwa upande wa kushoto: galaksi laini kama yai; galaksi yenye mikono iliyojizungusha; na ya tatu, galaksi iliyogongana na mwenzake, yaani mbili zilizoshikana, au moja yenye mkia, au uvimbe ubavuni. Kitufe kimoja kilikuwa peke yake kulia kabisa, cha picha mbovu: picha iliyokatwa na mstari, au iliyozibwa na nyota ya karibu inayong'aa mno. Nilielewa. Nataka hilo lijulikane, nilielewa vizuri kabisa, na zile mia za kwanza nilizifanya polepole na bila kosa kubwa.

Kisha nikazoea. Mwenye kuchambua viazi anajua raha hiyo, mikono inapoanza kwenda yenyewe na kichwa kinabaki huru kufikiria mengine. Nilimaliza mia tatu zilizobaki kwa mchana mmoja. Mdogo wangu aliniambia wanafunzi wake huchukua wiki. Nilimwambia mama. Nilimwambia jirani wa mbuzi pia.

Ijumaa, saa kumi jioni, akayafungua majibu yangu. Nikaona uso wake unabadilika. Ndipo akanieleza makala inasema nini: kwamba zamani sana, ulimwengu ulipokuwa mchanga, galaksi ziligongana na kuungana mara nyingi kuliko siku hizi, na ndivyo zilivyokua. Kompyuta yake ilikuwa imeona hivyo. Macho yangu hayakuona hivyo. Kwangu zilizogongana zilikuwa chache mno, za mbali na za karibu sawasawa.

"Labda nimekosea mimi," nikasema.

"Hapana, dada. Wewe hukuwa na sababu ya kuona hivi wala vile. Ndiyo maana nilikuomba." Akafunga kompyuta taratibu. "Programu ndiyo inayoona visivyokuwepo."

Akaanza kumwandikia msimamizi wake kwamba anaiondoa makala. Hakulia wala hakunilaumu. Alimwuliza mama kama karoti zimeuzwa, kwa sauti ya mgeni aliyefikia kwetu jana. Hiyo sauti ndiyo iliyoniumiza.

Jumamosi asubuhi nikaenda kazini, kwenye kibanda cha kuchambulia viazi. Tunakaa wanawake sita, rundo liko mbele yetu. Kushoto kuna mafungu matatu: vikubwa, vya kati, na vidogo vya mbegu. Kulia kuna fungu moja, la vile ambavyo mnunuzi hataki: vilivyokatwa na jembe, vilivyooza, na vile viwili vilivyoota vimeshikana, vyenye vinundu na mikia. Hatutazami mikono. Siku ile tulikuwa tunamcheka mwenzetu ambaye mumewe amenunua baiskeli akiwa na mguu mbovu.

Nikashika kiazi pacha. Mkono wangu ukakitupa kulia.

Nikakiangalia pale kilipoangukia. Kisha nikainuka, nikakiokota tena, nikakishika kama yai.

"Umeona nyoka?" mwenzangu akaniuliza.

"Afadhali ningeona nyoka," nikasema, nikavua aproni.

Njia ya kutoka kibandani hadi nyumbani ni ya kupanda, na nilipanda nikibishana na nafsi. Woga wa kwanza ulikuwa wa aibu, kwamba nimejisifu mpaka kwa jirani. Woga wa pili ulikuwa mzito zaidi, na bado sina hakika kama nilikuwa na haki nao. Jana tayari nimeambiwa jibu lipi linamfaa mdogo wangu. Leo nikirudi kusema nilikosea, basi nani ataniamini? Hata mimi nitajiaminije? Huenda nimekitafuta kiazi hicho kwa sababu nimeuona uso wa mdogo wangu ulivyobadilika.

Nilimkuta mezani, barua imeandikwa, haijatumwa kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika. Mtandao wetu nimeulaani mara nyingi. Siku hiyo naupa haki yake.

Nikamweleza yote, pamoja na ule woga wa pili. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua zile picha nilizoziita mbovu, moja baada ya nyingine. Mbili zilizoshikana. Yenye mkia. Yenye uvimbe. Hakuna mstari, hakuna nyota iliyoziba.

"Ee Mungu wangu," akasema. "Umezichambua kwa mnunuzi."

Akaanza kucheka, nami nikalia, halafu tukabadilishana. Alipotulia akasema na yeye ana kosa: aliziona picha mbovu ni nyingi, akadhani ni kwa sababu galaksi za mbali hazionekani vizuri, wala hakuzifungua. Nilimwambia hilo ni dogo. Akasema halikuwa dogo, ni kosa ambalo angemkatia mwanafunzi maksi. Basi tukagawana.

"Na huo woga wako una maana," akaendelea. "Siwezi kuchukua majibu mapya ya mtu anayejua ninachotaka. Ila picha hazina alama ya umbali. Wewe ukitazama, unajua ipi ya mbali na ipi ya karibu?"

"Sijui. Zote ni madoa kwangu."

"Basi hata ukitaka kunipendelea, hujui umpendelee nani. Na tutamweka mtu wa pili ambaye hajasikia lolote."

Tukageuka wote wawili tukamtazama mama, aliyekuwa ameinjika sufuria ya makande na kuja kuchukua miwani yake.

"Mimi?" akasema. "Mimi nimeshawaamkia. Kazi yangu imekwisha."

Lakini alikaa. Mdogo wangu alizichanganya picha upya, akavibandua vikaratasi vyote. Safari hii hakuna aliyegusa kitufe. Mimi nilitazama kwanza, mama akiwa nje, nikitaja kwa mdomo, naye mdogo wangu anaandika; kisha mimi nikatoka, akaingia mama. Tulipokezana hivyo, picha hamsini hamsini, tangu saa tano mpaka jioni. Majibu yangu ya kwanza hakuyafuta. Alisema yatabaki kwenye faili yalivyo, na kosa litaelezwa ndani ya makala, mkono na kulia na viazi na yote. Nilimwuliza kama watu wa chuoni hawatatucheka. Akasema watacheka, halafu kila mmoja ataenda kuangalia vitufe vyake.

Nikiwa nje nasubiri zamu, nilimsikia mama kupitia dirishani. "Huyu laini. Huyu laini. Huyu ana mikono, anacheza. Huyu, ehee, huyu amemmeza mwenzake na miguu bado inaning'inia."

"Mama, sema namba tu."

"Namba tatu. Maskini." Kiti kikavutwa karibu. "Na hawa wawili wanagombana au wanaoana?"

"Hata sisi tunabishana, mama."

"Andika wanaoana. Leo Jumamosi."

Zilipofika mia nne kwa kila mmoja wetu, mdogo wangu aliyaingiza majibu kwenye kompyuta. Sisi tulisimama nyuma yake. Mistari miwili ikajichora, mmoja wa macho yetu na mmoja wa programu, na yote ikapanda kuelekea upande wa zamani, karibu karibu kama watu wanaopanda mlima wakizungumza. Haikulingana kila mahali. Kulikuwa na galaksi kadhaa ambazo programu ilisema ni laini na mama alisema zina mkia, na mdogo wangu alipozikuza akaona mkia upo, mwembamba kama uzi. Mimi pia niliziona laini, kwa hiyo hapo nilikosea pamoja na kompyuta. Naandika ili isije ikadhaniwa kwamba siku hiyo nilipatia kila kitu.

Mdogo wangu aliinuka, akamshika mama mikono, wakazunguka meza, mama akipiga kelele kwa Kishambaa kwamba atavunjwa goti. Kisha akarudi kuketi, akaifungua ile barua ya kuondoa makala, akaifuta mbele yetu. Akaandika nyingine, ya mistari mitatu. Akatusomea: makala itatumwa Jumatatu, ina sehemu mpya inayoeleza kosa moja na lilivyosahihishwa, na kuna watu wawili wa kushukuriwa mwishoni.

Mtandao ulirudi saa kumi na mbili kasoro. Barua ikaenda.

Ndipo tuliposikia harufu. Makande yalikuwa motoni tangu saa tano, na tangu hapo hakuna aliyeyaongezea maji. Chini yalikuwa meusi. Mama alipakua ya juu kwa uangalifu, akakatia parachichi mbili, akachemsha chai ya maziwa yenye tangawizi. Tulikula hivyo, makande yenye ladha ya moshi, na sufuria tukailoweka mpaka Jumapili.