Nyevu Alivyokwenda Chuoni Bila Kuitwa

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka mwaka wa tisini na tano, Nyevu Kahindi alipata C. Alikuwa msichana wa Majengo, binti ya hamali wa soko la Marikiti, na tangu utotoni alisema atakuwa muuguzi. Sasa kila mtu akaanza kumpimia pa kufika.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Truphosa, aliyewashauri wanafunzi kuhusu vyuo.

"Nakwambia kwa kukupenda, Nyevu. Chuo cha uuguzi kinapokea walio na C, lakini wenye B ndio wanaojaa pale. Jifunze kupiga chapa."

"Sheria yao inasema C, mwalimu?"

"Inasema C, lakini..."

"Basi mimi nimo."

Akapeleka maombi, na huku akingoja akapata kazi ya kupima bizari na iliki katika duka la Kamaludin kule Kuze, Mji wa Kale. Kamaludin hakuwa mtu mbaya, ila aliona anajua mambo ya dunia.

"Mwanangu, nafasi zile zina wenyewe. Binti ya hamali atapita wapi?"

"Langoni," Nyevu akamjibu, mkono u kwenye mizani.

Baba yake, Kahindi, hakumkataza. Alichoogopa ni mtoto kuvunjika moyo, na jioni moja akamwambia hivyo, miguu yake imo ndani ya karai la maji ya chumvi.

"Nikivunjika, baba, nivunjikie huko huko. Si humu ndani nikikaa."

Aliitwa kusailiwa. Mkuu wa chuo, Bi. Beryl, mama mrefu asiyependa maneno mengi, alimuuliza kwa nini wamchukue yeye wamwache mwenye B.

"Mwenye B ana pengi pa kwenda," alisema Nyevu. "Mimi sitaki pengine ila hapa."

Mmoja wa wasaili akacheka. Bi. Beryl hakucheka. Lakini majina yalipobandikwa, la Nyevu halikuwamo.

Alilia, kwa hasira kuliko huzuni. Kisha akafikiri. Kila mwaka wapo wanaochukuliwa wasifike: huyu kaitwa chuo kikuu, huyu kaolewa, huyu karo imemshinda. Nafasi zao huenda wapi? Aliuliza huku na huku, asipate wa kumjibu. Akaamua kwenda kuuliza na godoro lake.

Siku ya wanafunzi wapya kufika, Kahindi alipakia godoro na sanduku la bati juu ya mkokoteni wake, wakashika njia ya Mbaraki, kilipo chuo. Walipofika langoni akasimamisha mkokoteni.

"Nikungoje?"

"Usiningoje, baba."

Bawabu, mzee mmoja aitwaye Charo, alitafuta jina lake katika orodha asilione.

"Wewe humo, mwanangu."

"Najua, mjomba. Nangoja nafasi."

"Siwezi kukuingiza."

"Nitakaa hapa nje. Barabara si ya chuo."

Akaketi juu ya sanduku. Magari yalishusha wasichana na wazazi wao, wote wakimtupia jicho. Adhuhuri Bi. Beryl akatoka.

"Nani kakwambia uje? Sisi tulishakujibu."

"Mlinijibu juu ya nafasi za waliochaguliwa, bibi. Mimi nimefuata za wasiokuja."

"Na wakija wote?"

"Nitarudi nyumbani. Mwakani nije tena."

"Wanitisha?"

"Nakuarifu, bibi."

Bi. Beryl akageuka akaenda zake. Nyevu alirudi kwao jioni, na asubuhi akawa yupo tena. Sanduku na godoro vililala kibandani kwa Charo. Wanafunzi wakambandika jina la Askari. Akaliitikia. Siku zikapita hivyo, jua likimchoma, mpaka Ijumaa moja Charo akamwambia anaitwa ofisini.

"Wawili hawakuja," alisema Bi. Beryl. "Wapo wa akiba wanaokushinda alama. Nimewatafuta wote. Nafasi moja imepata mtu, ya pili sijampata wa kuichukua, na masomo yameanza. Usidhani nimekuhurumia."

"Sikuomba huruma, bibi."

"Kemia yako mbovu."

"Nitaitengeneza."

Haikutengenezeka upesi. Mtihani wa dawa alianguka mara ya kwanza, na walikuwapo waliofurahi kwamba wao walisema mapema. Akaurudia, akafaulu kwa taabu. Siku ya kuhitimu Kahindi alifika amevaa shati la kuazima, akapiga makofi hata pale watu wengine waliponyamaza.

Mwaka wa tisini na tisa Nyevu alianza kazi katika zahanati moja upande wa Makupa. Wakati mwingine wauguzi wenzake hutajiana alama walizoingia nazo chuoni, na zamu yake ikifika hafichi.

"Mimi nilikuwa wa nyuma kabisa," husema, kisha humwita mgonjwa anayefuata.