Rula Kwenye Mkeka

Mdogo wangu walimwita Rula kwa sababu mipira yake ya gofu ilikwenda kama mstari uliopigwa na rula. Mama alipofariki nilimbeba mgongoni. Yeye akasoma, mimi nikabaki na jembe. Sitafuti kuonewa huruma. Nataka ijulikane tu nani aliambiwa nini.

Tulipata kazi kwenye klabu ya gofu. Mimi nilipangiwa uwanja wenyewe, kung'oa magugu kati ya shimo na shimo. Yeye alipangiwa kuosha mipira kwenye uwanja wa mazoezi, pale wateja wanaposimama juu ya mikeka ya plastiki na kupiga mpira baada ya mpira kutoka kwenye ndoo. Jioni naye akaanza kupiga. Mwalimu wa pale akamwona, akamfundisha bure. Bure ile ilikuwa na mkia. Kila watu walipojaa, alimsimamisha mkeka wa mbele.

"Mkitaka kupiga kama Rula," anawaambia, "mlango wangu mnaujua."

Jumatatu uwanja wa mashimo hufungwa kwa wanachama, sisi wafanyakazi tunaruhusiwa kucheza huko; ule wa mazoezi haufungwi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, Jumatatu hii twende nikubebee mfuko wa fimbo. Kule ardhi haijalala kama mkeka. Kuna miteremko, kuna majani yanashika fimbo, na mpira ni mmoja tu."

"Mwalimu anasema vichaka vitaniharibia mkono."

"Atakayeharibikiwa ni yeye, ukiondoka na wateja wakaondoka."

"Dada nawe! Tangu lini magugu yakafundisha gofu?"

Waosha mipira wenzake wakaangua kicheko. Nikarudi kwenye magugu yangu. Mkono mtupu haulambwi, na ushauri wa asiyesoma ni hivyo hivyo.

Kisha klabu ikatangaza inatafuta mwalimu wa kuwafundisha wanawake. Anayetaka acheze uwanja mzima mbele ya msimamizi, mwenye mapigo machache achukue kazi. Kwa Rula ule ndio ulikuwa mlango wa kutokea kwenye beseni la sabuni. Alitaka kazi ile mpaka chakula kikamshinda. Basi akajiandaa: akaongeza ndoo. Asubuhi ndoo, jioni ndoo, viganja vikapasuka, nikawa nampaka mafuta huku akinifokea nisibonyeze. Uwanjani hakukanyaga.

Siku ikafika. Pigo la kwanza lilinyooka, watu wakapiga makofi, hata mimi. Lakini mpira ukaenda kukaa kwenye mteremko, juu kuliko miguu yake. Akasimama vilevile anavyosimama kwenye mkeka. Mpira ukaruka pembeni, ukaingia vichakani.

Kabla mtu hajasema neno, mkono wake ukaingia mfukoni, ukatoa mpira mwingine, akauweka palepale na kuupiga. Ulikuwa mzuri kuliko yote. Akageuka akitabasamu, kama alivyozoea kuwageukia wateja.

"Dada, huo umehesabiwa," msimamizi akamwambia. "Na ule ulioingia vichakani. Na adhabu juu yake."

"Lakini huu ndio mzuri."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Kuanzia hapo kila mpira aliopiga ulikwenda pembeni, na kabla ya kufika nusu ya uwanja alivua glavu akaacha. Kazi ikaenda kwa mwingine.

Mwalimu akatangaza mbele ya watu wote, "Dada yake ndiye aliyemtia hofu. Kila siku mteremko, mteremko! Mtu ataacha kuteleza?"

Nikamtazama mdogo wangu, nikingoja. Aliangalia viatu vyake kwanza.

"Ni kweli, dada. Ungefunga mdomo, ningeshinda."

Nimeishi na maneno mengi, lakini hayo bado hayajashuka kooni. Wiki ile akahama chumba chetu, akaenda kukaa na mwosha mipira mwenzake. Nikipita na toroli la magugu namwita, "Hujambo, mdogo wangu?" Anainamia ndoo, anachukua mpira mwingine. Mwalimu bado anamsimamisha mbele, na wateja wapya bado wanasema, "Jamani, huyu dada!"

Jumatatu iliyopita nilimpa yule mwenzake ujumbe: mwambie namsubiri shimo la kwanza, mfuko nimeshaubeba, sitasema chochote njia nzima. Nikasimama pale mpaka umande ukakauka kwenye majani. Hakuja. Kutoka kule mazoezini nilisikia fimbo yake ikigonga, safi, na watu wakimpigia makofi.