Jicho la Mama Giza

Watu wakinisikia nasema simtaki mkuu wa chuo kile hata kwa picha, wananiambia, "Punguza hasira, wifi yako si ameshapewa tuzo?" Amepewa, ndiyo. Ngojeni niwaambie alivyopewa.

Huyu mke wa kaka yangu ni mwanafizikia. Kazi yake ni kupima mwanga hafifu mno, ule ambao mimi na wewe tungeapa haupo. Anaunasa kwa jicho la kioo, mrija mdogo unaokaa ndani ya sanduku jeusi, ndani ya chumba chenye giza totoro. Pale chuoni walimbandika jina la Mama Giza, na si kwa mapenzi. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mafagio, kinapakana na choo. Mapazia mazito nimeyashona mimi, nyufa za mlango kaziziba kaka yangu kwa matambara. Akiomba fundi wa paa, anaambiwa asubiri. Akiomba kiyoyozi, anachekwa. Miaka yote hiyo hakuna bosi aliyekanyaga mle.

Jicho lile alilitengeneza mwenyewe, kipande kwa kipande, na hakuna la pili. Lina sharti moja tu: likiwa kwenye umeme, usilifunue mbele ya taa. Ukilifunua umelipofusha, basi tena.

Tuzo ikatangazwa. Tuzo ya dunia nzima, ya wanasayansi wakubwa! Lo, ghafla chuo kizima kikamjua. Mkuu akaanza kumwita "binti yetu." Akataka picha, yeye na mashine. Wifi akamwambia kwa adabu zote, "Mzee, sasa hivi kuna kipimo kinaendelea, nimekisubiri muda mrefu. Nipe mpaka Ijumaa nikimalize, nizime umeme, nitakufungulia mwenyewe." Mzee akajibu, "Hamna shida."

Hamna shida! Kesho yake wifi yuko kwangu nampima gauni la sherehe, huku nyuma mkuu na afisa habari wake wakachukua ufunguo wa akiba kwa mlinzi. Wakawasha taa. Wakasogeza mapazia yangu. Wakainua kifuniko cha sanduku ili picha ipendeze, mkuu akachungulia ndani, meno yote nje. Walipomaliza wakafunga, wakaenda zao kunywa chai.

Jioni wifi akanipigia simu. Hakulia. Alisema tu, "Wifi, wameliua." Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, mkasi bado mkononi. Nilitaka niende nikamtolee uvivu mzee yule mbele ya wafanyakazi wake, kaka akanizuia. Na yule afisa habari, wifi alipomuuliza, alijibu kwa macho makavu, "Mama, tuzo si umeshapata? Tutakununulia jingine." Jingine! Kama balbu ya ukumbini!

Siku ya sherehe ukumbi ulifurika, wageni waliotoa tuzo wamekaa mbele. Ukutani wamerusha ile picha, kubwa kuliko mlango. Mkuu akasimama akajisifu bila haya. "Tulimlea," anasema, "tukamwezesha."

"Ulimwezesha nani wewe?" nikaropoka. Watu wakageuka kunitazama. Sikujali.

Wifi akavishwa nishani. Akawashukuru wageni, akamshukuru mumewe, akanishukuru na mimi kwa mapazia. Halafu akatoa mrija ule kwenye mkoba, akamwendea mkuu, akamwekea kiganjani. Mkuu akadhani kapewa zawadi. Akauinua juu, akawageuzia wapiga picha, anachekelea.

"Mzee," wifi akasema, kipaza sauti mkononi, sauti haitetereki hata kidogo, "hilo ndilo jicho lililonipatia tuzo. Ulipofungua sanduku lilikuwa kazini. Sura yako ndiyo kitu cha mwisho lilichoona."