Mikindu Isiyozaa

Jumapili ya Matawi iliyopita, nikitoka kanisani hapa Soweto West, mtoto mmoja alinishikisha tawi la mkindu. "Anti, chukua hii. Nimebaki na mbili." Nikamuuliza limekatwa wapi. Akanitazama kana kwamba nimeuliza mvua hutengenezwa na nani. "Si zilikuja tu na lori," akasema, akakimbilia wenzake. Nililibeba hadi nyumbani, nikalilaza mezani, na chai ikanipolea mkononi. Rafiki yangu, wacha nikueleze, maana yule aliyestahili kuambiwa kwanza hayupo tena.

Nililelewa Kawangware 46, hapa hapa Nairobi, katika chumba kimoja cha mabati, mama akiuza sukuma wiki kando ya barabara. Kila mwaka, tende za mwitu za mikindu zilipoiva kule kwetu Magharibi mwa Kenya, gunia lilishushwa kwenye basi likiwa limetoka kwa kukhu, mama yake baba. Zilikuwa tende ndogo za rangi ya chungwa, nyama nyembamba na kokwa kubwa, na harufu yake tamu ilijaa ploti nzima. Mama alizipima kwa kikombe na kuziuza pembeni ya mboga. Waluhya waliokuwa wakirudi kutoka kazi ya mjengo walisimama ghafla. "Mama, hizi si za nyumbani?" Walitafuna moja, kisha wakanunua za watoto.

Kokwa hazikutupwa. Mlangoni palikuwa na mkebe, na aliyekula alitema humo. Mkebe ukijaa ulirudi kijijini kwa basi lile lile. "Utamu ni wako, kokwa ni ya mto," ndivyo kukhu alivyosema, na mama alirudia hivyo kila nilipotaka kuzichezea banta kama gololi. Nilichezea nyingi hata hivyo.

Desemba nilipelekwa kwake. Alfajiri wanawake walishuka mtoni, mundu ukiwa umefungwa kwenye ufito mrefu, mifuko ya gunia imetandazwa chini. Walikata vichala vilivyoiva tu, na kila mti ukaachiwa kichala cha juu kabisa. Hicho kilikuwa cha ndege. Ndege ndio waliopanda, kukhu alisema, sisi tunavuna tu. Wajane wawili walipewa zamu ya kwanza kila msimu, na hakuna aliyewahi kulalamika. Mimi nilichomwa na miiba, nikapewa uji wa wimbi, nikajiona malkia.

Karibu na maji palikuwa na mikindu ambayo haikuzaa hata tende moja. Ilichanua maua meupe yenye vumbi kama unga, basi, ikaishia hapo. "Hayo ni madume," kukhu aliniambia. "Hayo hayaguswi." Nikauliza kwa nini. "Ukimfukuza bwana, mtoto utamtoa wapi?" Wanawake wakacheka kicheko cha watu wazima, nami nikaona ni mzaha wao. Nilikuwa na miaka kumi, na sikuuliza tena.

Miezi michache baadaye, mwalimu wetu wa Sunday school alisema Jumapili ya Matawi mwaka huu hatutapunga majani ya mgomba kama mwaka uliopita. Nani kwao kuna mikindu? Mkono wangu ulipanda kabla ya akili.

"Iko mingi, ticha! Na ingine haizai, inakaa tu."

"Na wenyewe watakubali?"

"Kukhu alisema hiyo haizai mnaweza kata."

Hakuna aliyesema hivyo. Nilitaka kutembea mbele ya maandamano, ndiyo hiyo tu sababu yangu. Vijana wa kanisa wakatumwa kijijini, na Jumapili hiyo nilitembea mbele nikiwa na tawi lililonizidi urefu, nikiimba hosana hadi stendi ya Satellite na sauti ikakauka.

Msimu uliofuata gunia halikuja. Mama akasema labda ni mvua. Mwaka wa pili pia halikuja. Niliposhuka mtoni nikaona majike yamebeba vitunda vikavu visivyo na kokwa, na mahali pa madume pana visiki. Vijana wa mjini waliogopa miiba, hawakupanda juu. Walikata mashina yenyewe, na kila chipukizi likaliwa na ng'ombe. Kukhu alinipikia kuku. Hakuniuliza neno.

Nilielewa nikiwa kidato cha pili, siku mwalimu wa bayolojia alipochora ua ubaoni, akaeleza kuwa kuna miti ambayo dume na jike husimama kila mmoja peke yake, na bila unga wa dume jike halizai. Niliomba ruhusa nikatoka nje. Kufikia wakati huo mmoja wa wale wajane alikuwa tayari anafua nguo za watu huku Nairobi.

Nilijiambia kila likizo kwamba nitamwomba kukhu msamaha. Kila likizo nikapata la kufanya. Kisha tukamzika, na jioni ya mazishi shangazi akanisimulia nisichokijua. Vijana walipofika na kusema, "Mjukuu wako ametuambia umekubali," wanawake wote walimgeukia kukhu. Akasema, "Kama mtoto amesema, basi nilisema." Hakutaka nionekane mwongo mbele ya kanisa. Shangazi alinieleza bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Kabla hajafa, kukhu alichukua mkebe wa mwisho uliotoka Kawangware, akazipanda kokwa kando ya mto, akazizungushia miiba dhidi ya ng'ombe. Ulishika mche mmoja tu. Mkindu haukuambii ni dume au jike hadi uchanue, na huchukua miaka. Nimekuwa nikimpigia shangazi simu kila mwaka, nikiuliza kama mtu anayeulizia mgonjwa.

Mwaka huu nilipiga jioni ile ile ya Jumapili ya Matawi, lile tawi likiwa mezani.

"Umechanua," akasema. "Maua meupe. Ukiugusa, mikono inajaa unga."

"Ni dume!" Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. "Na majike, shangazi? Majike yako aje?"

"Majike gani, mama? Si tuliyang'oa. Miaka yote hiyo yakikaa bure, watu wangekula nini? Huko chini ni mahindi sasa."