Anza na Doa

Nakumbuka asubuhi moja dukani kwa babu, pale mtaa wa maduka wa Kikuubo, nimekaa juu ya robota la vitenge nikifanya mazoezi ya uongo. Ndiyo, mwanangu, shangazi yako huyu huyu unayemwogopa. Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa chuo cha biashara. Nafasi chache, waombaji wamejaa hadi getini, na alama zangu mimi za wastani tu. Jiografia si haba, Kiingereza kinapita, hesabu... tuiache hesabu. Na baba alishasema, nikikosa naenda Arua kukaa dukani kwa amu, masomo basi.

Uongo wenyewe niliupanga vizuri. Ningesema niliugua malaria wiki nzima ya mtihani. Nikamwimbia babu uongo wote, na sauti ya mgonjwa juu yake.

"Uliugua kweli?" akauliza.

"Siku moja, Babu. Kichwa."

"Kichwa!" Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha akanuna. "Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu. Watakuuliza ulitibiwa hospitali gani, uanze kutapatapa. Wazee wetu walikuja mji huu na vitambaa, hawakuja na machozi. Kaa hapo utazame."

Akaingia mama mmoja wa Kongo, mteja mgeni, anataka vitenge vya jumla. Robota la mbele lilikuwa limeingia maji njiani. Sasa, kwetu sisi ilikuwa desturi ya dini na ya duka: muuzaji hutaja kasoro ya mali kabla ya kutaja bei. Babu yeye alizidisha. Alikifungua kitambaa kuanzia penye doa, akaliweka chini ya taa, akasema, "Mama, hili halitoki. Nimelifua mwenyewe, limenishinda."

Banange, jamani! Nikajua leo tumemfukuza mteja. Yule mama akalipapasa lile doa, akamtazama babu, akaliacha robota lile. Halafu akanunua mengine bila hata kuyafungua.

Babu akanigeukia. "Umeona? Aliyeonyeshwa doa, hayo mengine anayaamini. Mficha uchi hazai."

Jioni hiyo hiyo nikatafuta mwalimu wa hesabu, na siku ya usaili nikawakuta watu watatu mezani. Kabla hawajaniuliza lolote nikasema, "Hesabu yangu ni ya wastani, na sikuwa mgonjwa. Iliponishinda niliona aibu kuomba msaada. Sasa nasoma jioni kwa mwalimu mmoja kule Mengo, na naanza kuielewa."

Mzee mmoja mwenye miwani akaweka kalamu chini. "Haya, tuambie unachokiweza."

Hapo ndipo nilipolifungua robota zima! Nikawaeleza habari ya vipande vya vitambaa vilivyokuwa vikitupwa dukani, jinsi nilivyozunguka kwa mafundi cherehani wa Kasubi kuwauliza ukubwa gani unawafaa kwa mifuko na kola, na jinsi nilivyowapangia rangi kwa rangi mpaka wakawa wanakuja wenyewe. Hakuna aliyeniuliza kama ni kweli. Waliniuliza nilijuaje, na ningefanya nini mafundi wakipungua, nikajibu mpaka wakacheka. Nafasi niliipata, mwanangu, na aliyelia kwa furaha nyumbani ni baba.

Sasa wewe. Jana umekuja hapa umevuta mdomo, eti kwenye usaili wako utasema walimu wako walikuwa wabaya. Walimu gani? Acha maneno hayo. Alama za wastani si msiba. Liseme doa lako mwenyewe, kwa maneno machache, useme na unavyolishughulikia, kisha usilirudie tena. Halafu waonyeshe kazi ya mikono yako. Ile zamu ya mizigo uliyowapangia vijana wa bodaboda mtaani kwenu, wewe unaiona mchezo, mimi naiona biashara. Kizuri chajiuza, lakini sharti kwanza kitoke kabatini. Na kitabu cha hesabu kifungue leo hii, si kesho.

Mungu akufungulie mlango huo, akupe ulimi mkweli na moyo usiotetemeka. Nenda, mwanangu, usihofu. Katika ukoo wetu hatujawahi kuficha doa ndani ya kitambaa kilichokunjwa.